Elimu ya Kujikinga na Magonjwa Yaenezwayo na Mbu katika Mitaa Iliyobanana: Mtazamo kutoka Kanyenye, Tabora



Hoja yangu ni moja, na naiweka mbele ili anayetaka kuipinga ajiandae mapema. Mkazi wa Kanyenye anajua kwamba mbu analeta malaria. Mwulize mama muuza vitumbua, mwulize kijana wa bodaboda, mwulize mtoto wa darasa la nne. Wote watakujibu sawasawa. Miaka mingi ya mabango, matangazo ya redio na kampeni ya "Malaria Haikubaliki" haikupita bure. Lakini elimu hiyo imeishia mlangoni, haijaingia uani. Haisemi ni mbu yupi, anazaliwa kwenye maji gani, anauma saa ngapi, na ni nani kati ya mpangaji, mwenye nyumba na halmashauri anayewajibika kwa maji hayo. Tunamwambia kila mtu afanye yaleyale mwaka mzima, kisha homa ikimrudia tunamlaumu kwa uzembe.

Utafiti wa kitaifa wa afya na viashiria vya malaria wa mwaka 2022 ulipima damu za watoto wa miezi 6 hadi 59. Kwa nchi nzima, watoto 8 hivi kati ya 100 walikutwa na vimelea, ilhali utafiti wa 2007-08 ulikuta 18. Hayo ni mafanikio ya kweli na walioyaleta wanastahili shukrani. Mkoa wa Tabora, katika utafiti huohuo wa 2022, ulikutwa na watoto 23 kati ya 100, ukawa wa kwanza nchini. Idadi hiyo ni ya mkoa wote, pamoja na vijiji vya Kaliua, Urambo, Uyui na Sikonge, na hakuna anayeruhusiwa kuichukua akasema ndiyo ya Kanyenye. Hata hivyo katika mji huu na vijiji hivyo wanaishi ndugu walewale, wanaokwenda na kurudi, na mbele nitaonyesha kwa nini jambo hilo lina uzito.

Tabora imejuana na homa tangu ilipokuwa kituo cha misafara. Wapagazi wa Kinyamwezi walioshusha pembe za ndovu hadi Bagamoyo na kurudi na nguo, shanga na waya walipiga kambi karibu na maji, mamia kwa pamoja, na kila kambi iliwapa mbu nafasi ya kunywa damu ya mtu wa pwani na ya mtu wa bara usiku mmoja. Wageni walioandika habari zao waliandika na maradhi yao. Stanley alilazwa na homa kali pale Kwihara, jirani na Tabora, mwaka 1871. Mwaka 1873 Cameron na wenzake waliugua palepale wiki kwa wiki, na daktari wao, Dillon, akafa Novemba mwaka huo, akili zikiwa zimevurugwa na homa.

Kisa kinachotufaa zaidi ni cha Richard Burton, aliyeingia Kazeh, yaani Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857. Miaka mitatu kabla ya hapo alikuwa Zeila, kwenye pwani ya Wasomali, na wenyeji walimweleza kwamba kuumwa na mbu ndiko kunakoleta homa. Katika kitabu chake cha 1856 akauita huo ushirikina: watu wamekosea, alisema, kwa kuwa mbu na homa hushamiri msimu mmoja. Kisha akaja bara, na homa ikamwangusha njiani mara kwa mara. Ikabidi dunia isubiri hadi Agosti 1897, Ronald Ross alipokuta vimelea ndani ya tumbo la mbu huko Secunderabad, India. Kwa miaka zaidi ya 40 maneno ya wenyeji wa Zeila yalikuwa kitabuni, yamechapishwa, na yamedharauliwa. Nimekitaja kisa hiki kwa sababu tabia ile haijafa. Mtaalamu anafika mtaani na jibu mkononi. Hamuulizi bibi aliyekaa hapo miaka 50 maji ya mvua hutuama wapi na kwa siku ngapi, na bibi huyo analijua jibu kuliko ramani yoyote ya Manispaa.

Sasa tuingie kwenye maji yenyewe.

Mbu wa malaria, anofelesi, kwa kawaida hupenda maji yaliyotulia, yasiyo machafu sana na yanayopigwa na jua: nyayo za ng'ombe, njia ya matairi ya lori kwenye udongo, mashimo ya kufyatulia matofali, majaruba ya mpunga mabondeni. Kutoka yai hadi mbu mwenye mabawa ni wiki moja hadi mbili. Jike ndiye anayeuma, na huuma zaidi usiku ulipokwisha kuwa mkubwa. Ule mtaro mweusi wenye sabuni na mabaki ya jikoni, unaopita nyuma ya nyumba na ambao kila kampeni ya usafi huanza nao, hasa ni wa mbu mwingine. Kuuzibua ni jambo jema. Ila tukishauzibua tusidhani tumeishughulikia malaria. Vivyo hivyo kufyeka nyasi: kunafukuza nyoka, kunapendezesha mtaa, lakini mbu hazaliwi kwenye nyasi, anazaliwa kwenye maji.

Kama ndivyo, malaria ya mtu wa katikati ya mji inatoka wapi? Sehemu yake inatoka pembezoni, kwenye mabonde ya mpunga na mashimo ya matofali yanayouzunguka mji. Sehemu nyingine inatoka safarini, na hapa naomba tukae kidogo, maana sijaona bango hata moja linalosema habari hii.

Mtu wa Tabora mjini ana shamba. Kifuku kikianza Novemba, baba, mama na watoto wakubwa wanakwenda kulima, na hulala huko kwenye vibanda vya nyasi visivyo na mlango wala dirisha la kufunga. Mkulima wa tumbaku anakesha na mabani yake wakati wa kukausha majani. Mrina asali anaingia msitu wa miombo akakaa humo wiki kadhaa, kitanda chake ni ngozi au mkeka chini ya mti. Watu hawa wote wana chandarua. Kiko nyumbani, Kanyenye, kimening'inia juu ya kitanda kisicho na mtu. Tunapogawa vyandarua tunahesabu watu na mahali pao pa kulala mjini. Kibanda cha shambani hakimo kwenye orodha yetu. Mtu anaambukizwa huko, anarudi mjini siku ya gulio, anaugulia hapa, na mbu wa hapa akimuuma anaichukua ile malaria kwenda kwa jirani. Kwa hiyo ujumbe wa Oktoba haupaswi kuwa "lala kwenye chandarua" peke yake. Useme: unapofunga jembe, mbegu na sufuria, funga na chandarua. Na halmashauri ikiomba vyandarua ijumlishe vya shambani, iache kuviita vya ziada.

Tumalizie la chandarua ndani ya nyumba. Familia ya kupanga ina chumba na sebule. Wazazi na mtoto mchanga wana kitanda na chandarua. Vijana wanalala sebuleni kwenye godoro linalokunjwa asubuhi, na sebuleni hakuna pa kufunga kamba, wala haipendezi mgeni akute chandarua kinaning'inia juu ya kochi. Hili halitatuliwi kwa hotuba. Linatatuliwa kwa misumari minne na chandarua kinachoshushwa usiku na kupandishwa asubuhi, na mhudumu wa afya akiingia nyumbani amwonyeshe kijana mwenyewe namna ya kukifunga. Chandarua kilichotoboka nacho kishonwe. Uzi na sindano vimo katika kila nyumba, lakini ni mara chache tunawakumbusha watu.

Halafu kuna nyumba yenyewe. Katika nyumba nyingi za zamani ukuta unaishia chini ya bati na kuacha mwanya mzunguko mzima, na mwanya huo ndio mlango mkuu wa anofelesi. Dari na wavu wa dirishani humzuia kila usiku na kuwakinga wote waliomo, yule aliyelala sebuleni na yule anayesoma mezani, bila kumtegemea mtu akumbuke chochote. Je, nani ataweka wavu? Mpangaji anayeweza kuhama mwezi ujao hawezi kuwekeza kwenye dirisha la mtu. Wajibu huu ni wa mwenye nyumba, na wenye nyumba wengi tunawajua, tunaswali nao, tunasali nao, tunazikana nao. Napendekeza serikali za mitaa ziwaite kikao chao peke yao. Mpangaji amesemwa vya kutosha.

Mbu wa pili ni aedesi, yule mwenye madoadoa meupe miguuni, anayeuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla jua halijazama. Huyu ndiye aenezaye dengue na chikungunya. Tusidhani ni magonjwa ya mbali: kirusi cha chikungunya kilitambuliwa kwa mara ya kwanza hapa nchini, uwanda wa Wamakonde, katika mlipuko wa 1952-53, na mwaka 2019 dengue iliwapata zaidi ya watu 6,000 nchini, wengi wao wakiwa Dar es Salaam. Dar es Salaam na Tabora zimeungana kwa reli tangu 1912. Mabasi yanaingia kila siku. Na aedesi husafiri vizuri sana kwa sababu mayai yake, yakishagandamana kwenye ukuta wa tairi chakavu au ndoo, hukaa makavu miezi kadhaa yakisubiri maji.

Maji yake si dimbwi. Ni jaba la uani, pipa, ndoo iliyosahaulika, tairi, kopo, sahani ya chini ya chungu cha maua. Kwa maneno mengine ni maji tunayoyaweka wenyewe, na tunayaweka kwa sababu nzuri. Tabora imeteseka na maji kwa vizazi. Mabwawa ya Igombe na Kazima hayakuutosheleza mji uliokuwa na watu 226,999 mwaka 2012 na ambao katika sensa ya 2022 ulishavuka 300,000. Mradi wa maji ya Ziwa Victoria umeleta nafuu kubwa. Lakini mtu aliyelelewa katika mgao hauachi mkono wake wa akiba, na bomba likikaa kimya siku mbili, majaba yanajazwa tena. Ndiyo maana kumwambia mama asihifadhi maji ni kumwomba lisilowezekana. Tumwambie afunike jaba kwa kitambaa kilichofumwa vizuri na kukazwa kwa mpira, maana mfuniko uliopinda unaacha nafasi. Tumwambie pia kwamba kumwaga maji peke yake hakutoshi: mayai yamo ukutani mwa jaba, juu kidogo ya usawa wa maji, kwa hiyo alisugue kwa brashi au steelwool mara moja kila wiki, kisha asuuze. Siku ijulikane. Mtaa mmoja ukichagua Jumamosi, iwe Jumamosi ya wote, kwa kuwa jaba moja lililorukwa linatosha kuwahudumia mbu wa nyumba zote za jirani.

Kuna sababu nyingine ya kuyatazama majaba kwa hofu. Anofelesi wa Kiasia aitwaye stephensi, anayezaliana kwenye matangi na vyombo vya maji mijini, aliingia Djibouti mwaka 2012, akaonekana Ethiopia, na mwaka 2022 akagunduliwa Kenya. Akifika hapa, malaria itapata mbu anayezaliwa katikati ya nyumba zetu, mwaka mzima, kiangazi na kifuku. Jaba linalosuguliwa leo kwa ajili ya dengue ndilo litakalotukinga naye.

Mbu wa tatu, kuleksi, ndiye anayetupigia kelele sikioni usiku. Anazaliwa kwenye mitaro michafu, mashimo ya maji taka na vyoo vya shimo, naye hueneza matende na mabusha. Sitakaa sana kwake, ila nawakumbusha kilichofanyika Makunduchi, Unguja, mwaka 1988: chembe ndogo za plastiki nyepesi zilimwagwa ndani ya vyoo vya shimo zikaelea na kufunika maji, viluwiluwi vikakosa hewa, na watu wakapewa dawa za matende wakati huohuo. Mbu wakapungua sana, na maambukizi yakashuka. Haikuhitaji mtambo wala umeme. Nyumbani, bomba la hewa la choo lenye wavu juu na shimo lililofunikwa vizuri vinasaidia pia.

Nigeukie homa yenyewe, kwa maana elimu ya kinga isiyomfikisha mgonjwa kwenye kipimo ni nusu elimu. Mazoea yetu ni kwamba kila homa ni malaria. Mtu ananunua dawa ya mseto dukani bila kupima, anameza siku moja, akipata nafuu anamwekea mdogo wake vidonge vilivyobaki. Mseto ni dozi ya siku tatu, asubuhi na jioni, na humezwa baada ya chakula. Kipimo cha haraka kipo zahanati na huchukua dakika chache. Nacho kina tabia moja inayowachanganya watu: kinaweza kuendelea kuonyesha malaria wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona, kwa hiyo aliyemaliza dozi majuzi amwambie mhudumu. Na kipimo kikisema hakuna malaria, tukiamini. Hasa homa inapokuja na maumivu makali nyuma ya macho, kwenye viungo, au madoa na damu kwenye fizi, mgonjwa aende hospitali, na asipewe diklofenaki wala aspirini, maana dengue huvujisha damu na dawa hizo huongeza hatari. Paracetamol inatosha mpaka daktari amwone.

Na degedege. Mtoto akishikwa, aamuaye ndani ya nyumba mara nyingi ni bibi, si mama. Tukiendelea kuwafundisha kina mama wachanga kliniki na kumwacha bibi nyumbani, tutaendelea kuwapokea watoto hospitali ya Kitete wakiwa wamechelewa. Bibi akaribishwe na aheshimiwe, aelezwe kwamba degedege la homa linaweza kuwa malaria iliyopanda kichwani na kwamba kila saa ina thamani. Waganga wa jadi waitwe kwenye kikao hichohicho. Anayemwambia mzazi "kwanza hospitali, mengine baadaye" ametusaidia kuliko bango.

Wajibu wa halmashauri nimeuacha hadi sasa makusudi, maana semina zetu huumaliza kwa sentensi moja. Mashimo ya matofali, mabonde na mitaro mikubwa hayawezi kumalizwa na kaya. Dar es Salaam ilionyesha njia kuanzia mwaka 2004: wakazi wa mitaa wenyewe waliajiriwa kutafuta mazalia ya mbu, kuyaandika, na kuyawekea dawa ya kibayolojia inayoua viluwiluwi bila kudhuru watu wala mifugo, na maambukizi ya malaria yakapungua kwenye kata zilizohusika. Tangu 2015 nchi yetu ina kiwanda cha dawa za namna hiyo Kibaha, na mwaka 2017 Rais Magufuli aliziagiza halmashauri zizinunue. Dawa hiyo haifanyi kazi ikinyunyizwa mara moja siku ya uzinduzi, kamera zikiwapo. Mazalia hurudiwa kila wiki msimu mzima, na anayefaa kuyarudia ni kijana wa mtaa anayelipwa, anayejua kila shimo.

Mvua za kwanza ziko mbioni. Wenyeviti wa mitaa, nawaomba kabla Oktoba haijaisha mtembee na wazee wenu na vijana wawili, mtaa kwa mtaa, mwandike kila mahali maji yanapotuama kwa zaidi ya wiki moja, na jina la anayewajibika napo: kaya, mwenye nyumba au Manispaa. Wenye nyumba waitwe, wakubaliane siku ya kuweka wavu. Siku ya kusugua majaba itangazwe misikitini na makanisani. Kisha orodha ya mazalia yaliyo juu ya uwezo wa kaya mwikabidhi kwa diwani, kwa maandishi na muhuri, naye aisimamie kwenye kikao cha bajeti hadi fedha za dawa ya viluwiluwi na posho za vijana hao ziandikwe kwa tarakimu.